Mwongozo kamili wa kuinua ubora wa programu za baada ya shule na za likizo ya kiangazi katika jimbo zima

Katika shule nyingi za Marekani kengele ya mwisho hulia kati ya saa nane mchana na saa tisa na nusu alasiri. Saa hizo wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili katika majimbo kama Kentucky, Iowa, Texas na Arizona wako kazini: mmoja ndiyo kwanza anavaa buti za mpira kuingia zamu ya pili katika kiwanda cha nyama, mwingine anatandika vitanda vya hoteli, mwingine anamwogesha mzee asiyejiweza. Tangu hapo hadi saa kumi na mbili jioni mtoto yuko mikononi mwa programu ya baada ya shule, au mikononi mwa dada yake, au hana mtu. Kisha hufika Juni, na zile saa tatu za kila siku hugeuka kuwa wiki kumi hivi za likizo ya kiangazi.

Mwaka 2020 shirika la Afterschool Alliance lilikadiria, kutokana na utafiti wake wa kaya, kwamba watoto milioni 7.8 walikuwa katika programu za baada ya shule nchini kote, na kwamba wengine milioni 24.6 wangeandikishwa kama nafasi ingekuwepo. Takwimu hiyo hutajwa sana katika kudai nafasi zaidi, na madai hayo ni ya haki. Hata hivyo, nafasi katika chumba ambamo mtoto anakaa saa tatu akijaza karatasi za mazoezi, bila mtu kumwita kwa jina lake, haimfaidishi sana. Mwongozo huu unahusu yale yanayotokea ndani ya chumba, na namna jimbo lenye mamia ya vyumba vya aina hiyo linavyoweza kuyaboresha kwa utaratibu unaorudiwa mwaka hadi mwaka.

Nimeuandika kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili walioingia katika kazi hii: waratibu wa programu, viongozi wa jumuiya za Wakongomani na Warundi wanaoomba ruzuku, wazazi walioitwa kwenye kamati, na wale wachache waliokwisha kupata kiti katika vikao vya jimbo. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinazofuata zinautumikia: ubora hupanda pale mtu mzima anayekaa na watoto anapotazamwa kwa makini, akashauriwa kwa heshima, kisha akatazamwa tena. Fedha, viwango na takwimu vina kazi ya kuuwezesha mzunguko huo.

Hatua ya kwanza: fahamu fedha zinatoka wapi, na ni sehemu ipi iliyo ya ubora

Mfuko mkuu wa shirikisho ulio mahususi kwa kazi hii unaitwa 21st Century Community Learning Centers, nami hapa nitauita mfuko wa Karne ya 21. Uliingizwa katika sheria mwaka 1994, na tangu sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002, fedha zake hupitia idara ya elimu ya kila jimbo. Katika miaka ya karibuni Bunge la Marekani limekuwa likiutengea takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 2015 inaagiza kwamba asilimia 93 au zaidi ya fedha zinazofika jimboni zigawiwe waombaji wa ruzuku, zisizozidi asilimia 2 ziende kwenye usimamizi, na zisizozidi asilimia 5 zitumike kwa shughuli za jimbo, yaani ufuatiliaji, mafunzo, msaada wa kitaalamu na tathmini.

Hiyo asilimia 5 ndiyo ya kuitazama. Jimbo likipokea dola milioni 20, sehemu hiyo hufika milioni moja, na ndiyo inayoweza kulipa wakufunzi wanaozunguka vituoni. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza katika kikao chochote ni hili: mwaka jana sehemu hiyo ilitumikaje? Ikiwa jibu ni ripoti ndefu ya mtathmini wa nje na kongamano moja la siku mbili hotelini, basi umepata mahali pa kuanzia, kwa sababu vyote viwili havimfikii mtu anayekaa na watoto Jumanne alasiri.

Mfuko wa pili ni ule wa malezi ya watoto, ambao hugharimia watoto wasiotimiza miaka 13, na ambao majimbo yanapaswa kutumia angalau asilimia 9 ya fedha zake katika kuinua ubora. Fedha hizi mara nyingi husimamiwa na idara tofauti na ile ya elimu, na watumishi wa pande hizi mbili wanaweza kupitisha miaka bila kukaa meza moja. Kuwakutanisha ni kazi ya maana kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kituo kimoja kinaweza kukaguliwa na ofisi mbili kwa fomu mbili zinazopingana.

Mfuko wa tatu ni ule wa jimbo lenyewe, pale ulipo. California ndiyo mfano mkubwa: wapiga kura wake walipitisha mwaka 2002 pendekezo namba 49 lililotenga fedha za kudumu kwa programu za baada ya shule, na mwaka 2021 jimbo hilo likaongeza mpango mwingine unaolenga siku ya saa tisa, ukijumlisha masomo ya kawaida na programu, pamoja na siku 30 za wakati wa likizo. Majimbo mengi hayana kitu cha namna hiyo, na yaliegemea mno fedha za shirikisho za dharura ya UVIKO-19 za mwaka 2021, ambazo zilitaka kila idara ya elimu ya jimbo itenge angalau asilimia 1 kwa mafunzo ya kiangazi na asilimia 1 nyingine kwa programu za baada ya shule, na ambazo zilifikia kikomo mwaka 2024. Tena Julai 2025 serikali ya shirikisho ilizizuia kwa muda hata zile fedha za mfuko wa Karne ya 21 kabla ya kuziachilia mwezi huohuo, huku programu za kiangazi zikiwa zimeshaanza. Nashauri kwa nguvu zote kwamba mishahara ya wakufunzi wa jimbo isitegemee mfuko mmoja tu, kwa sababu mkufunzi mzuri akiondoka, miaka mitatu ya kujenga imani na vituo huondoka pamoja naye.

Hatua ya pili: ingia katika mtandao wa jimbo lako

Kila jimbo kati ya yote 50 lina mtandao wake wa programu za baada ya shule, nayo mitandao hiyo imejengwa kwa msaada wa muda mrefu wa wakfu wa Charles Stewart Mott wa mji wa Flint, Michigan. Humo ndimo viwango vinapojadiliwa kabla ya kufika kwenye idara. Ingia mapema, hudhuria hata vikao vinavyochosha, na omba nafasi katika kamati ya ubora badala ya kamati ya sherehe za tamaduni, ambako viongozi wa jumuiya zetu husukumwa mara nyingi kwa nia njema.

Hatua ya tatu: kubalianeni juu ya viwango, kisha msiviongeze

California iliweka viwango 12 vya ubora mwaka 2014: usalama na mazingira ya kumtia mtoto moyo, kujifunza kwa vitendo, ujenzi wa stadi, sauti na uongozi wa vijana, afya, usawa na ujumuishi, wafanyakazi wenye uwezo, dira iliyo wazi, ushirikiano, uboreshaji endelevu, usimamizi, na uendelevu wa fedha. Orodha ya urefu huo inatosha kabisa. Jimbo linaloanza linaweza kuazima orodha iliyokwisha kujaribiwa na kutumia muda wake katika kuifafanua kwa mifano ya vyumba vyake lenyewe, kwa maana maneno kama “sauti ya vijana” hayana maana yoyote kwa mfanyakazi mpya mpaka umwonyeshe linavyoonekana: watoto wa darasa la nne wakichagua kati ya shughuli tatu, na uchaguzi wao ukafuatwa kweli wiki inayofuata.

Jambo moja sitaliacha. Mkiandika kiwango cha usawa na ujumuishi, mtafsirieni mzazi mmoja mmoja akiwa mezani, msitafsiri waraka peke yake. Mama aliyeishi miaka 15 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ataona katika rasimu kasoro ambayo hakuna mshauri wa kulipwa atakayeiona, kwa mfano kwamba sharti la mzazi kuja kumchukua mtoto mwenyewe kila jioni linamfungia mlango kila mzazi wa zamu ya pili.

Hatua ya nne: chagueni chombo kimoja cha kutazamia

Viwango husema kinachotakiwa, na chombo cha tathmini humsaidia mtazamaji kuona kama kipo. Vyombo viwili vinajulikana sana. Cha kwanza ni Youth Program Quality Assessment, kilichotokana na kazi ya taasisi ya HighScope ya Ypsilanti, Michigan, na kuendelezwa na kituo kinachobeba jina la David P. Weikart. Cha pili ni APT (Assessment of Program Practices Tool), kilichotengenezwa na taasisi ya chuo cha Wellesley huko Massachusetts, na ambacho huenda sambamba na dodoso la matokeo ya watoto. Kile cha Michigan hupanga ubora kama piramidi: chini kabisa kuna usalama, juu yake mazingira ya kumsaidia mtoto, juu yake mahusiano, na kileleni ushiriki, yaani mtoto kupanga, kuchagua na kutafakari alichofanya. Kila kipengele hupewa alama 1, 3 au 5, na kila alama sharti iwe na ushahidi ulioandikwa.

Kipi ni bora? Kwa uzoefu wangu tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya jimbo linalotumia kimoja kwa miaka 10 na jimbo linalobadili kila anapokuja mkurugenzi mpya. Tarajieni pia sura ambayo huonekana karibu kila mahali: alama za usalama huwa juu, na za ushiriki huwa chini. Hali hiyo isiwavunje moyo, kwani inaonyesha tu mahali kazi ilipo.

Hatua ya tano: kutazama kwenyewe

Hapa nitakawia, maana hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika.

Kituo kitume watu wake wawili au watatu, akiwamo mratibu, wafundishwe kutazama kwa siku mbili hivi, kisha watazamane wao kwa wao. Jimbo nalo litume mtazamaji wa nje aliyepimwa kwamba alama zake hulingana na za wenzake. Alama za ndani hujenga mazungumzo, na za nje huyaweka kwenye mizani. Mtazamaji huingia kabla watoto hawajafika, hukaa pembeni, huandika yale anayoyaona na kuyasikia kwa maneno yaleyale yaliyosemwa, na haandiki alama hata moja mpaka atoke. Anayeanza na alama huishia kutafuta ushahidi wa kuzitetea.

Nitaeleza alasiri moja. Chumba kilikuwa chini ya kanisa, na meza zake zilikuwa za kukunjwa. Aliyeongoza alikuwa mwalimu wa makamo aliyewahi kufundisha kambini Kigoma. Alisimama mlangoni, akapokea kila mtoto kwa jina, nao wakaitikia wakiwa wameinamisha macho: “Shikamoo, Mwalimu.” “Marahaba, mwanangu, habari za shule?” “Nzuri.” Aliwagawia vipande vya karatasi vya rangi ili waone nusu, robo na thumni, na mikono ya watoto ilikuwa na kazi muda wote. Kila baada ya dakika chache aliuliza: “Mmeelewa?” Nao wakajibu kwa pamoja, kama ambavyo sisi sote tulijibu tulipokuwa na umri wao: “Ndiyooo, Mwalimu!” Mtoto mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa amekunja kipande chake mara tatu akakiita robo, na yeye pia aliitikia ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Tulipolinganisha karatasi zetu baadaye, mtazamaji mwenzangu, ambaye hakukijua Kiswahili wala desturi zetu, alikuwa ameandika kwamba watoto hawakumtazama mwalimu usoni walipoingia, na akaelekea kushusha alama ya mahusiano. Nilimweleza kwamba mtoto anayeinamisha macho mbele ya mtu mzima anatoa heshima, na kwamba mwenye kukodoa macho ndiye angeonywa nyumbani. Alama ikarekebishwa kwa ushahidi: salamu kwa jina, watoto wote 14, sauti ya upole. Wakati huohuo yeye alikuwa ameona jambo nililolipita kwa mazoea, nalo ni kwamba karibu maswali yote ya mwalimu yalikuwa ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mimi nililelewa katika “Mmeelewa?”, kwa hiyo sikuisikia. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba mahali penye watoto wa lugha na malezi mengine, watazamaji wawe wawili, mmoja anayeyajua malezi hayo na mmoja asiyeyajua, na wasikubaliane haraka.

Hatua ya sita: alama zisigeuzwe fimbo

Kila jimbo hufikia siku ambayo mtu mwenye cheo hupendekeza alama zichapishwe au zitumike kukata ruzuku. Kataeni. Kituo kikijua kwamba alama ya chini itakinyima fedha, kitamtayarishia mtazamaji onyesho, na jimbo litalipa ili lionyeshwe maigizo. Utafiti mkubwa wa kulinganisha kwa bahati nasibu uliotolewa mwaka 2012, uliohusu vituo 87 vya mitandao mitano katika sehemu mbalimbali za Marekani, ulijaribu mzunguko wa kutathmini, kupanga na kuboresha bila adhabu. Vituo vilivyowekwa katika mzunguko huo vilibadilika: mameneja walifanya kazi ya kuboresha kwa utaratibu zaidi, na ufundishaji wa wafanyakazi ukapanda. California nayo imeuingiza mzunguko huo katika masharti yake ya ruzuku, ikidai kituo kionyeshe kwamba kinajitathmini na kina mpango.

Adhabu ibaki kwa mambo ya usalama: mtoto kuachwa peke yake, mfanyakazi ambaye hakuchukuliwa alama za vidole, mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli. Hayo hayasubiri mzunguko wowote.

Hatua ya saba: malengo mawili, na mkufunzi anayerudi

Baada ya kutazama, kituo kizima kikae kwa saa mbili za kulipwa, wasome ushahidi kwa sauti kabla ya kutaja alama, kisha wachague malengo mawili tu ya nusu mwaka. Malengo sita ni sawa na kutokuwa na lengo. Kila lengo liseme nani atafanya nini, chumba gani, kuanzia lini.

Mwalimu yule wa vipande vya karatasi alichagua mwenyewe suala la maswali. Mkufunzi hakumpa kitabu. Walikaa pamoja, wakaandika maswali matatu ya kuchukua nafasi ya “Mmeelewa?”: “Nionyeshe ulivyofika hapo.” “Nani amekunja tofauti, na kwa nini?” “Ungemweleza vipi mdogo wako?” Wakakubaliana jambo la pili, gumu zaidi kuliko la kwanza, kwamba baada ya swali atahesabu moyoni hadi tano kabla ya kufungua kinywa. Wiki ya kwanza kimya kilimwelemea, na watoto walitazamana wakidhani wamekosea. Wiki ya tatu yule mtoto wa mikunjo mitatu alinyanyua kipande chake na kusema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza kwamba robo yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake, akauliza ni nani aliyekosea. Mazungumzo yaliyofuata yalichukua dakika 20.

Mkufunzi mmoja anaweza kuhudumia vituo 10 hadi 15 iwapo anatakiwa kurudi kila mwezi, kwa makadirio yangu. Akipewa 40 huwa mkaguzi tu, hata kama cheo chake kinasema vingine. Kuhusu maudhui ya mafunzo, kigezo kinachofaa ni kile cha Durlak, Weissberg na Pachan, waliopitia tafiti nyingi na kuchapisha matokeo mwaka 2010: programu zilizowasaidia watoto katika stadi za kijamii na za nafsi zilikuwa na mpangilio wa hatua zinazofuatana, zilitumia vitendo, zilitenga muda maalumu kwa stadi hizo, na zilitaja wazi stadi inayofundishwa. Mkufunzi akikumbuka mambo hayo manne anapokagua ratiba ya wiki, ataona mapengo mara moja.

Hatua ya nane: mtunze mfanyakazi

Kazi hii kwa kawaida ni ya saa 15 hadi 20 kwa wiki na malipo yake ni madogo, hivyo watu huondoka. Jimbo haliwezi kupandisha mishahara yote kwa siku moja, lakini linaweza kuandika katika masharti ya ruzuku kwamba saa mbili za maandalizi kila wiki zilipwe, na kwamba muda wa mafunzo ulipwe kama kazi. Linaweza pia kutambua uzoefu wa walimu waliofundisha Kongo, Burundi au makambini, ambao vyeti vyao havikubaliki hapa na ambao leo wanapanga masanduku katika maghala. Watu hao hawahitaji kufundishwa kupenda watoto. Wanahitaji mtu wa kuwaongoza katika fomu za uchunguzi wa jinai, ambazo huchukua wiki kadhaa na huwakatisha tamaa wasio na mtu wa kuwaeleza anwani za nyuma waziandike vipi kama mtu aliishi kambini.

Hatua ya tisa: anza kupanga kiangazi mwezi Januari

Programu mbovu ya kiangazi mara nyingi ni programu iliyoanza kupangwa Aprili. Wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa kile watoto wanachosahau wakati wa likizo, lakini kuhusu programu zenyewe tunao ushahidi mzuri kutoka mradi wa wakfu wa Wallace uliochunguzwa na taasisi ya RAND katika wilaya tano: Boston, Dallas, Duval ya Florida, Pittsburgh na Rochester. Watoto walionufaika zaidi ni wale waliohudhuria siku 20 au zaidi katika kiangazi kimoja, katika programu za wiki tano au sita zilizokuwa na angalau saa 25 za hisabati na 34 za lugha. Mapendekezo yao ni madarasa ya watoto wasiozidi 15, na upangaji unaoanza si baada ya Januari.

Kwa hiyo Januari chagueni walimu na majengo. Februari hakikisheni chakula: mpango wa shirikisho wa chakula cha kiangazi hulipia watoto hadi miaka 18 katika maeneo ambako angalau nusu yao wanastahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, na mpango mwingine hufanya hivyo alasiri za mwaka wa masomo. Ulizeni mapema kuhusu nyama ya nguruwe, kwa maana watoto Waislamu watarudisha sahani bila kusema neno, na mtu atadhani hawapendi chakula. Machi pangeni mabasi. Aprili na Mei ni za kuandikisha.

Siku 20 hazipatikani kwa tangazo ubaoni, na hapa lazima niseme juu ya familia zetu. Wazazi wengi wakisikia “programu ya baada ya shule” wanafikiri tuisheni, na wakikuta watoto wanapanda mbegu au wanaigiza mchezo wanaona wamedanganywa. Waelezeni kinachofundishwa na kwa nini, na waalikeni waone. Wengine wanajua kwamba Kenya ilipiga marufuku tuisheni ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, hivyo wanajiuliza kwa nini mtoto asipumzike. Hilo nalo ni swali halali, na jibu lake ni siku yenye masomo asubuhi na michezo, sanaa na matembezi alasiri.

Barua iliyotafsiriwa na mashine hutupwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wa dakika moja, uliotolewa na mtu anayejulikana na jumuiya, husikilizwa jikoni na nyumba nzima, tena humfikia hata bibi asiyesoma. Semeni ndani yake saa ya basi, mahali litakaposimama, kwamba hakuna malipo, na namba ya kupiga. Kisha tazameni ni nani hayupo. Mara nyingi ni msichana wa miaka 13 anayewalea wadogo zake, na hatakuja mpaka mpokee na wadogo zake wa umri wa shule katika jengo hilohilo. Kituo kinachoandikisha familia nzima kwa fomu moja hupata mahudhurio ambayo hakuna zawadi ya simu au baiskeli inayoweza kuyaleta.

Hatua ya kumi: hesabuni machache

Hesabuni siku ambazo kila mtoto amehudhuria, ushahidi na alama za kutazama, na majibu ya watoto kwa maswali machache: je, kuna mtu mzima hapa anayekufahamu, umejaribu jambo jipya mwezi huu, umewahi kuchagua unachofanya? Watoto wadogo na wageni waulizwe kwa mdomo, kwa lugha yao, na mtu asiyekuwa mwalimu wao. Alama za mitihani ya jimbo zisomwe mwisho na kwa subira, kwa kuwa mtoto aliyefika nchini akiwa na miaka 11 bila kupita darasani miaka mitatu anaweza kuwa amepiga hatua kubwa ambayo mtihani wa darasa lake hauioni.

Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, mtandao wa jimbo uwakutanishe waratibu wa kila kanda kwa siku moja. Kila mmoja alete malengo yake mawili na ukurasa mmoja wa ushahidi kutoka chumba kimoja, wasomeane, na watazamaji wapangiwe tarehe za vuli hapohapo, wakirudi katika vyumba vilevile, kwa fomu ileile, siku ileile ya wiki.